Je, Neno "Ndugu" Lawahusu Wanawake Pia?

Siku moja, baada ya mkutano wa shirika la msingi hapa Katana, mama mmoja mzee alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema: "Nilipokuwa mkatekumeni, katekista alipotuita 'ndugu zangu', nilijua ananiita na mimi. Siku hizi wahubiri husema 'bandugu na badada'. Ni vizuri. Lakini siku mhubiri akisahau 'badada', au Somo likisema 'ndugu' tu, wajukuu wangu husema: hayo ni ya wanaume. Basi mimi niko upande gani?"

Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Swali lake si la kuchekwa. Mtume Paulo aliandika barua zake kwa watu aliowaita ndugu. Kama neno hilo halimshiki mama huyu, barua hizo si zake. Na kama barua si zake, je, urithi unaotajwa ndani yake ni wa nani?

Tangu siku ile tumeuliza wazee na kusoma vitabu. Leo twataka kuwaeleza ninyi wasomaji habari ya neno hili na ya maneno mengine yaliyo jirani yake. Mtaona kwamba katika nchi nyingi Wakristu wamegombana sana kwa ajili ya jambo hili, na kwamba sisi tulipewa lugha iliyotuepusha na sehemu kubwa ya ugomvi huo. Mtaona pia kwamba twaweza kuipoteza zawadi hiyo bila kujua.

Ugomvi wa vitabu vya Ulaya na Amerika

Lugha mbili za kale za Kanisa hutenga wazi mtu na mwanamume. Kilatini husema "homo" kwa mtu yeyote, na "vir" kwa mwanamume. Kigiriki husema "anthropos" kwa mtu, na "aner" kwa mwanamume. Lakini Kifaransa kina neno moja, "homme", kwa maana zote mbili. Kiingereza nacho kilifanya vivyo hivyo kwa neno "man". Kwa hiyo, katika Kanuni ya Imani, pale Kilatini kinaposema kwamba Mwana wa Mungu alishuka kwa ajili ya watu, Mfaransa na Mwingereza walitumia neno linaloweza kusikika kama "wanaume".

Kwa karne nyingi watu walilizoea. Lakini tangu miaka ya 1970 wanawake wengi, hasa katika Amerika, walianza kusema: "Neno hili halituhusu tena. Shuleni na kazini mtu akisema hivyo, humaanisha wanaume. Kwa nini kanisani liwe na maana nyingine?" Waandishi wa vitabu vya teolojia wakaanza kutafuta maneno mengine. Mwaka 1989 ilitolewa tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iitwayo New Revised Standard Version, ambayo mahali pengi iliandika "ndugu wa kiume na wa kike" pale ambapo Kigiriki kina neno moja tu. Mwaka 1990 Maaskofu wa Marekani walitoa kanuni za kupima tafsiri za namna hiyo, na mwaka 1991 wakaikubali Biblia hiyo isomwe katika Misa. Mwaka 1994 Roma iliiondoa ruhusa hiyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo ilipatwa na shida hiyo. Kwa Kifaransa ilitoka mwaka 1992. Wasomaji wa Kiingereza walingoja mpaka 1994, kwa sababu mfasiri wa kwanza alikuwa ameliepuka neno "man", na Roma ilitaka kazi irekebishwe. Kitabu kizima kilicheleweshwa, na moja ya sababu kubwa ilikuwa neno fupi kama hilo!

Hata juzijuzi jambo halijaisha. Tarehe 3 Oktoba 2020, huko Assisi, Baba Mtakatifu Fransisko alitia sahihi barua yake Fratelli tutti. Maneno hayo mawili ni ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Lakini hata kabla barua haijasomwa, wanawake wengine wa Ulaya walilalamika, kwa kuwa katika Kiitaliano "fratelli" ni ndugu wa kiume. Na tangu Majilio ya mwaka 2021 Misale ya Kifaransa imebadilishwa: katika sala ya kuungama, mahali palipotajwa ndugu wa kiume peke yao, sasa dada nao wanatajwa.

Sisi tukisema kwa Kiswahili "wote ni ndugu", nani ameachwa nje? Kwa lugha yenyewe, hakuna. Basi tuangalie lugha hiyo ilitufikiaje.

Kiswahili kilivyofika kwetu

Kardinali Lavigerie alianzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, na mwaka 1879 wana wake walifika kwenye ziwa Tanganyika. Aliwaamuru wajifunze lugha za watu. Huko pwani za ziwa walikuta Kiswahili, kilicholetwa na misafara ya wafanyabiashara kutoka Unguja na Bagamoyo, nacho kikawa lugha ya misheni nyingi za Kongo ya Juu chini ya Askofu Victor Roelens. Katika nchi hiyo alikua Stefano Kaoze, aliyepewa upadre mwaka 1917, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi zetu kuwa Padre.

Toka huko kusini Mapadre walipanda mpaka kwetu Kivu. Mwaka 1906 walianza Nyangezi katika Bushi, na baadaye misheni nyingine zikafuata kando ya ziwa Kivu, Katana ikiwa mojawapo. Mwaka 1929 Kivu ikawa Vikariati peke yake, na mwaka 1959 Bukavu ikawa Jimbo Kuu. Hapa kwetu watu walisali kwa Mashi, lakini Kiswahili kilikuwa lugha ya njia, ya soko na ya hospitali. Katana ilikuwa na hospitali kubwa ya Fomulac, na karibu yake, huko Lwiro, chuo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947. Watu wa makabila mengi walikutana pale, na walisikilizana kwa Kiswahili.

Tena upande wa pwani kazi ya kufasiri ilikuwa imeanza zamani. Krapf, Mprotestanti Mjerumani, alifasiri mwanzo wa kitabu cha Mwanzo miaka ya 1840. Askofu Steere wa Waanglikana huko Unguja alisimamia Agano Jipya lililotoka zamani zile. Padre Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alikusanya maneno kwa miaka mingi, na kamusi yake kubwa ikaanza kutolewa mwaka 1939. Watu hawa hawakuwa wakifikiri habari za ugomvi tuliousimulia. Walichukua tu maneno waliyoyakuta vinywani mwa watu. Lakini maneno hayo yalikuwa mapana.

Mtu, mwana, roho

Tuanze na neno "mtu". Mashi husema "omuntu", na mwanamume ni "omulume", mwanamke ni "omukazi". Kiswahili ni vilevile. Hakuna mtoto wa Katana anayefikiri kwamba "mtu" maana yake ni mwanamume. Hata "yeye" haisemi kama ni mume au mke. Ndiyo sababu Wafaransa wanaposema "droits de l'homme", sisi husema "haki za binadamu", wala hakuna mwanamke anayeuliza kama haki hizo ni zake.

Angalieni Zaburi ya kwanza. Kiebrania humsifu mwanamume mmoja anayeipenda sheria ya Bwana. Wafasiri wengine wa Kiingereza, ili wasiwaache wanawake, waliandika kwa wingi: "wale". Lakini Mtakatifu Agostino na Mababa wengine waliona katika yule mmoja sura ya Kristu mwenyewe. Ukiandika "wale", umewaingiza wanawake, lakini umemficha Kristu. Sisi tunasema "mtu", basi. Ni mmoja, hivyo Kristu yumo. Naye ni mtu, hivyo mama yangu yumo. Wenzetu wa Ulaya walilazimika kuchagua moja, sisi tunayo yote mawili.

Neno "mwana" nalo ni hivyo. Mwana ni mtoto, awe wa kiume au wa kike. Twamkiri Yezu kuwa Mwana wa Mungu, na twajua kwa habari za Injili kwamba alizaliwa mtoto wa kiume. Lakini Paulo anapowaambia Wagalatia kwamba kwa imani wote ni wana wa Mungu, na kwamba aliye mwana ni mrithi pia, Kiswahili hakihitaji kuongeza neno lolote ili mabinti nao waingie. Neno lenyewe limekwisha kuwaingiza.

Na Roho Mtakatifu je? Kwa Kiebrania neno "ruah" ni la kike. Kwa Kigiriki "pneuma" si la kiume wala la kike. Kwa Kilatini "spiritus" ni la kiume. Waandishi wengine wamejenga mafundisho marefu juu ya tofauti hiyo. Kiswahili hakigawi maneno kwa uume na uke, bali hutenga walio hai na vitu visivyo na uhai. Tunasema "roho njema" tukitaja moyo wa mtu, kama tunavyosema "nyumba njema". Lakini tunasema "Roho Mtakatifu", kwa alama ya watu, wala si "roho takatifu". Kwa herufi chache lugha imefundisha imani yetu: Roho si nguvu tu wala upepo, ni Nafsi. Kilichotakiwa kusemwa kimesemwa, na kisichotakiwa hakikuongezwa.

Habari ya neno "ndugu"

Sasa turudi kwa mama yetu. Katika Kigiriki, Paulo aliandika "adelphoi". Umoja wake ni "adelphos", na dada ni "adelphe". Maneno hayo yametoka katika neno la tumbo la uzazi: ni watu wa tumbo moja. Na wingi "adelphoi" uliweza kuwashika wanaume na wanawake pamoja. Je, Mswahili wa zamani alisemaje? Alisema vilevile: ndugu ni mtu wa tumbo moja, na baadaye kila jamaa. Akitaka kueleza zaidi, alisema "ndugu wa kiume" au "ndugu wa kike". Huko Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, watu walizoea kuitana "Ndugu" katika mikutano na barua, wanaume kwa wanawake, bila tofauti.

Nadhani hakuna lugha ya Ulaya iliyoweza kumfuata Paulo hapa kwa karibu kama Kiswahili. Basi imekuwaje neno hili likaanza kusinyaa kwetu Kivu?

Sababu tunayoiona sisi ni Kifaransa. Tulikisoma shuleni, na shuleni tulifundishwa: "frère" ni ndugu, "sœur" ni dada. Mwalimu alitaka kurahisisha. Kidogo kidogo, katika akili za waliosoma, "ndugu" likawa jina la wa kiume, na "dada" la wa kike. Halafu mhubiri akachukua kitabu cha Kifaransa, akakuta "frères et sœurs", akafasiri neno kwa neno: "bandugu na badada". Alitaka kuwaheshimu wanawake, na nia yake ni njema. Lakini kila "badada" alilolitamka lilizidi kulibana neno la kwanza. Mfaransa aliongeza neno la pili kwa sababu la kwanza lilikuwa jembamba. Sisi tuliongeza la pili, nalo likalifanya la kwanza kuwa jembamba. Tulikunywa dawa ya ugonjwa ambao hatukuwa nao, na dawa ikatuletea ugonjwa.

Ndiyo maana mama yule alisema kweli. Zamani alikuwa ndani ya neno. Sasa yuko ndani siku mhubiri akikumbuka, na yuko nje siku akisahau.

Tufanye nini? Hatuwezi kuyaamuru maneno kama askari. Wanaosema "bandugu na badada" wasigombezwe. Lakini katekista anaweza kueleza, kabla ya Somo, kwamba ndugu ni watu wa tumbo moja, wake kwa waume, na kwamba tumbo letu moja ni kisima cha Ubatizo. Mhubiri akitaka kuwa wazi, aseme "ndugu zangu, wanaume kwa wanawake". Hapo wanawake wametajwa, na neno halikuvunjwa. Tena wazazi wasiache kusema nyumbani: "Huyu ni ndugu yako", hata wakimwonyesha kijana umbu lake. Neno likiishi nyumbani, litaishi kanisani.

Mungu Baba

Wengine watauliza: kama ni hivyo, kwa nini twamwita Mungu Baba, wala si Mama? Hapa Kanisa limejibu wazi. Katekisimu yafundisha kwamba Mungu si mwanamume wala mwanamke. Ni Roho, naye apita tofauti hiyo kabisa. Nabii Isaya alifananisha upendo wake na wa mama asiyeweza kumsahau mtoto wa kifuani. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikumbusha mafumbo hayo katika barua yake ya mwaka 1988 juu ya heshima ya wanawake.

Lakini "Baba" si mfano tuliojichagulia. Ni jina alilotufundisha Yezu. Huko ng'ambo, wahudumu wengine walikuwa wakibatiza kwa jina la Mwumba, na Mkombozi, na Mtakasa, ili wasiseme Baba na Mwana. Mwaka 2008 Roma ilitangaza kwamba ubatizo huo si ubatizo, na aliyebatizwa hivyo hana budi kubatizwa. Kwa nini ukali huo? Kwa sababu kuumba, kukomboa na kutakasa ni kazi za Mungu, na Utatu wote huzifanya pamoja. Majina ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu hutaja Nafsi zenyewe. Tukiweka kazi mahali pa jina, tumempoteza anayeitwa. Basi kuna maneno yanayofaa kupanuliwa, na kuna majina ya kulindwa. Mwenye hekima hachanganyi mambo haya mawili.

Lugha peke yake haitoshi

Wasomaji wapenzi, sasa tuseme jambo linalotuuma. Mtu akisoma mpaka hapa aweza kudhani kwamba sisi Waswahili ni wema kuliko Wazungu, kwa kuwa lugha yetu haimwachi mwanamke nje. Je, ni kweli? Twamsikia mtu akisema: "Watu walifika na wanawake wao." Basi hao wanawake si watu? Baba akisema "nitawagawia watoto wangu mashamba", mara nyingi jirani huelewa: wavulana. Neno "mtoto" ni pana, lakini mkono unaogawa ni mwembamba.

Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, imewapa watoto wote haki ya urithi, wa kike na wa kiume. Mwaka 2016 iligeuzwa tena, na mke hahitaji tena ruhusa ya mume kwa mambo mengi aliyozuiwa zamani. Lakini katika vilima vyetu binti wangapi wameona shamba la baba? Vita vya miaka hii zaidi ya 30 vimetuachia wajane wengi. Mjane akifukuzwa katika shamba, haimfai kitu kwamba lugha yetu ina neno "mwana" lenye kumwenea. Paulo alisema: aliye mwana ni mrithi. Tukisoma maneno hayo Jumapili na kumnyima binti shamba Jumatatu, tumeifasiri Biblia vibaya, hata kama kila neno liko mahali pake.

Kanisa lenyewe limekuwa likijifunza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 230, ilisema kwamba walei wanaume waweza kuwekwa rasmi kuwa wasomaji na watumishi wa altare. Tarehe 10 Januari 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alifuta neno moja la Kilatini, "viri", maana yake wanaume. Yakabaki maneno "walei". Miezi minne baadaye aliweka rasmi huduma ya katekista kwa wanaume na wanawake. Tazameni, neno moja liliondolewa, na mlango ukafunguka. Basi tusiseme kwamba maneno ni mambo madogo.

Na kwa upande mwingine, fikirini habari ya Yunia, anayesalimiwa na Paulo mwishoni mwa barua kwa Warumi pamoja na Androniko, watu mashuhuri kati ya mitume. Mtakatifu Yohane Krisostomo, aliyekufa mwaka 407, alimsifu Yunia kuwa mwanamke. Baadaye, huko Ulaya, wafasiri wengi waligeuza jina lake likawa la kiume. Vitabu vyetu vya Kiswahili viliandika tu Yunia, bila alama ya mume wala mke. Hawakumgeuza kuwa mwanamume. Lakini ni Wakristu wangapi wa Katana walioambiwa kwamba alikuwa mwanamke? Lugha haikumfukuza, ila sisi hatukumkaribisha. Neno pana ni kama nyumba yenye mlango wazi. Mgeni akifika, yafaa tena mwenyeji atoke na kumwambia "karibu".

Wazee walisema: mwacha asili ni mtumwa. Tusiiache asili ya maneno yetu kwa kuiga vitabu vya wengine. Lakini tusijivunie asili hiyo kama matendo yetu yanaikana.

Jumapili iliyofuata tulimrudia yule mama. Tukamwambia: "Mama, Paulo alipoandika 'ndugu', alikuandikia wewe. Uko ndani tangu mwanzo." Akafikiri kidogo, akajibu: "Asante. Sasa mkawaambie na wanaume."

Ndivyo tulivyofanya leo.